UZI: "Wananchi walishirikishwa." Nani hasa aliulizwa kabla tao la Nairobi kupangwa?

1/ Kila msimu wa siasa, mjadala kuhusu Nairobi hufika mahali pamoja. Mmoja anaahidi kufufua katikati ya jiji: stesheni mpya, majumba, njia za miguu, taa. Mwingine anamuuliza, je, wananchi waliulizwa? Jibu huwa ni lile lile: "Ushirikishaji wa umma ulifanyika." Basi, mwendeshaji wa mjadala anaruka swali linalofuata na sisi nyumbani tunabaki hivyo hivyo. Leo nataka tukae kwa hilo jibu. Sitaji jina la mwanasiasa wala chama. Ni historia tu. Twende.

2/ Hoja yangu niiweke mapema. Watu wa Nairobi hutoa maoni kuhusu mipango ya jiji lao kila mara, hata wasipoulizwa. Wakiulizwa mapema, maoni yanaingia kwenye ramani. Wasipoulizwa, yanakuja kwa kuchelewa: kortini, barabarani, au mchuuzi anarudi pale pale alipofukuzwa juzi. Kwa hivyo swali la kumuuliza mgombea si kama mkutano ulifanyika. Muulize ulifanyika lini, nani alikuwepo, na ni nini kilibadilika kwenye mpango baada ya hapo.

3/ Tuanze mwaka 1899. Reli kutoka Mombasa ilifika mahali Wamaasai walipopaita kwa jina la maji baridi. Wajenzi walipapenda kwa sababu palikuwa tambarare, pa kupanga vifaa kabla ya kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Kwa reli palifaa. Kwa mji wa kuishi watu, maji yalikuwa yanatuama na udongo ni ule mweusi unaoshika viatu. Kambi ikageuka mji kabla mtu yeyote hajakaa chini kuamua kwamba mji ukae hapo.

4/ Mwaka 1902 tauni ikaingia. Wakuu wakaamuru soko la Wahindi lichomwe. Soko lililokuwa na maduka, mali na familia likateketezwa kwa jina la afya ya umma. Huo ndio "ufufuaji" wa kwanza wa tao la Nairobi: walio na mamlaka wakaona uchafu, wakaleta moto, na waliokuwa wanaishi na kufanya biashara pale wakaanza upya kwingine. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, sibishi. Lakini angalia nani aliamua, na nani alilipa gharama.

5/ Mwaka 1913 akaja mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa Simpson, kuchunguza usafi wa miji ya himaya hii. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kutenganisha makazi kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Lugha iliyotumika ilikuwa ya usafi na magonjwa. Hapa pana funzo linalofaa hata leo. Mtu akikwambia mpango fulani ni "wa kitaalamu tu", uliza bado nani anahamishwa.

6/ Mwafrika katika mji huo alihesabiwa kama kibarua. Kuanzia miaka ya 1920 kipande kilikuwa kinaning'inia shingoni, na bila kazi hukuwa na ruhusa ya kukaa. Mitaa yake ikawekwa mashariki: Pumwani, Kariokor na mingineyo. Hata jina Kariokor limetokana na Carrier Corps, wale wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mji ukagawanyika. Upande huu ofisi na maduka makubwa, upande ule walala hoi. Ukitaka kujua kwa nini Eastlands na tao hadi leo hazishikani vizuri, anzia hapo.

7/ Mwaka 1948 ukatoka mpango mkuu maarufu, ulioandaliwa na timu kutoka Afrika Kusini. Kichwa chake chenyewe kinasema wazi kwamba ni mpango wa mji mkuu wa koloni. Waandishi walisema hawakuegemea upande wowote kuhusu ubaguzi wa rangi. Hebu fikiria. Unachora mji uliogawanywa kwa rangi, hugusi mgawanyo, halafu unasema huna upande. Miaka 2 baadaye, Machi 1950, Nairobi ikapewa hadhi ya jiji. Waafrika wengi waliokuwa wanalijenga hawakuwa na sauti yoyote katika kulipanga.

8/ Uhuru ukaja. Mwaka 1973 ukatoka mkakati wa ukuaji wa jiji, uliotazama hadi mwaka 2000. Huu ulikuwa wetu, na ulikuwa na mawazo mazuri, kwa mfano kupunguza msongamano katikati kwa kuendeleza vituo vingine vya biashara pembeni. Lakini tabia ya kupanga ilibaki ile ile: wataalamu wanachora, wakubwa wanaidhinisha, mwananchi anajua siku tingatinga inapofika. Bendera ilibadilika, meza ya kuchorea ramani haikuongezwa viti.

9/ Sasa tufike Uhuru Park, 1989. Kukatangazwa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani, pamoja na sanamu kubwa ya kiongozi wa wakati huo. Lilikuwa jumba la kampuni ya habari iliyohusiana na chama kilichotawala. Mwanamke mmoja mwanamazingira akaandika barua baada ya barua akiuliza: mbona bustani ya watu wote? Bungeni wakamcheka na kumtukana. Mnamjua. Baadaye alipata Tuzo ya Amani ya Nobel.

10/ Alienda kortini. Mahakama Kuu ikamwambia hana msimamo wa kisheria wa kushtaki. Yaani kwa sababu ardhi haikuwa yake binafsi na hakuonyesha kwamba yeye mwenyewe ataumia kuliko wengine, kesi ikatupwa. Soma hilo tena polepole. Bustani ni ya kila mtu, kwa hivyo hakuna mtu anayeweza kuitetea. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu kuhusu maoni ya mwananchi mwaka 1989.

11/ Lakini kelele zilisikika nje ya nchi, wenye pesa wakaanza kuogopa, mradi ukafifia. Februari 1992 ua uliozungushiwa eneo la ujenzi ukaondolewa. Mwaka huo huo, kwenye kona ya bustani hiyo hiyo, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikita kambi kudai watoto wao waachiliwe. Leo tunaiita Freedom Corner. Kama jumba lingejengwa, sijui akina mama hao wangekaa wapi. Ndio maana nasema mpango wa jiji si suala la saruji peke yake.

12/ Mfano wa pili ni Jeevanjee Gardens. Hii bustani ilitolewa kwa watu wa Nairobi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1991 kukaja mpango wa kuiendeleza kwa majengo, ukapingwa. Mwaka 2007 ukarudi kwa sura nyingine, ukapingwa tena. Leo ukipita saa saba mchana unakuta wahubiri, wanafunzi, wazee wa gazeti, na wale wanaojadili siasa kila siku bila posho. Bustani iko kwa sababu watu ambao hawakualikwa walijialika.

13/ Kwa hivyo mtu anaposema ushirikishaji wa umma unachelewesha maendeleo, mwulize anazungumzia maendeleo gani. Sehemu mbili za wazi tunazojivunia katikati ya jiji ziko hapo kwa sababu umma ulikataa. Hakuna mtu leo anasema, "Laiti tungejenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park." Hata waliomcheka yule mama, watoto wao walikuja kupanda boti pale siku ya Krismasi.

14/ Sasa mfano wa upande mwingine, ambapo hakuna aliyeandika barua lakini maoni yalitoka tu. Soko la Muthurwa lilijengwa mnamo 2007 ili wachuuzi watoke barabarani. Kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa. Lakini mchuuzi hufuata miguu ya wateja. Mteja anatoka ofisini saa kumi na moja, anapita barabara fulani kuelekea steji fulani, ananunua soksi na nyanya njiani. Ukiweka soko nje ya njia yake, umemwekea mchuuzi paa lakini umemnyima mteja. Wachuuzi wengi walirudi tao, na kukimbizana na kanjo kukaendelea.

15/ Au ile Desemba 2018, matatu zilipopigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Notisi ilikuwa imechapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali tangu 2017. Kisheria mtu angeweza kusema, "Tuliwaambia." Lakini nani anasoma gazeti rasmi akiwa kwa matatu ya Embakasi? Asubuhi ya siku ya kwanza watu walitembea kutoka Ngara na Muthurwa, wagonjwa wakitembea, akina mama na watoto mgongoni, watu wenye ulemavu wakihangaika. Marufuku hayakudumu hata wiki. Jiji lilikuwa limetoa maoni.

16/ Wazo lenyewe la kupunguza magari tao halikuwa baya. Mimi naliunga mkono hadi leo. Tatizo ni kwamba swali la msingi halikuulizwa: abiria akishuka Ngara na anafanya kazi Upper Hill, afike vipi? Makanga yeyote angekujibu bure, bila mshauri wa kulipwa. Mpango mzuri uliuawa na swali ambalo lingejibiwa kwa dakika kumi pale steji.

17/ Katikati ya hayo yote tulibadilisha Katiba. Tangu 2010, Kifungu cha 10 kinataja ushirikishaji wa watu kama moja ya maadili ya kitaifa. Kifungu cha 184 kinataka sheria iwape wakazi nafasi katika uongozi wa miji. Na kile kilichomtupa nje yule mama mwaka 1989 kilizikwa: chini ya Kifungu cha 70, anayetetea mazingira kortini halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hilo ni badiliko kubwa sana. Usiruhusu mtu akwambie Katiba haikuleta kitu.

18/ Mahakama nazo zikaanza kueleza maana yake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji alisema tangazo la gazetini peke yake halitoshi: nenda kwenye mabaraza, makanisa, misikiti, redio za lugha za wenyeji. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasisitiza kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kujipamba tu, na watu waelezwe kwanza jambo lenyewe ni lipi kabla ya kuulizwa maoni.

19/ Lakini haki itendeke kwa pande zote. Kushirikishwa si sawa na kukubaliwa. Serikali inaweza kusikia maoni yako, ikayapima, ikayakataa, na bado iwe imefuata sheria. Inachopaswa ni kuonyesha kwamba ilisikia. Pia si kila anayepiga kelele ukumbini ni sauti ya umma. Kuna wanaoletwa kwa basi na kupewa mia mbili. Kuna wenye majengo wanaojifanya wanatetea wachuuzi. Na kuna mambo, kama uwezo wa bomba la majitaka, ambayo hayaamuliwi kwa kuinua mikono.

20/ Sasa tuje kwa leo. Kuna mpango wa kufufua eneo la stesheni ya zamani ya reli, karibu ekari 425, kati ya tao la sasa na Industrial Area. Wazo la kupanua katikati ya jiji kuelekea ardhi ya reli limo kwenye mpango mkuu wa Nairobi wa 2014 hadi 2030, ulioandaliwa kwa msaada wa Japani. Mwishoni mwa 2022 uzinduzi wa ujenzi ulifanywa. Stesheni kuu mpya, nyumba, ofisi, sehemu za wazi. Ni ardhi ile ile ya kambi ya 1899. Tumerudi mwanzo, safari hii tukiwa na Katiba mkononi.

21/ Ukiniuliza mimi, wazo ni zuri. Ile ardhi ya reli inaweza kuwa daraja kati ya mashariki na tao. Lakini pembeni tu pale kuna Muthurwa, na Muthurwa ina historia. Mwaka 2010 wapangaji wa nyumba za zamani za reli walikabiliwa na kubomolewa na kufurushwa. Walienda kortini, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilikiukwa, ikaagiza pande zote zikae chini na kutengeneza utaratibu wa kuhama. Yaani mazungumzo yaliyofaa kuwa ya kwanza yalikuja baada ya miaka 3 ya kesi.

22/ Na hapa ndipo pana jambo zito, ambalo kwenye mijadala halisemwi. Mikutano mingi ya ushirikishaji huwahesabu wenye hati miliki. Lakini tao letu linaendeshwa na watu wasio na hati: mpangaji wa chumba, mama wa chai kando ya steji, fundi viatu, kijana wa mkokoteni, mwenye kibanda aliyekodisha kutoka kwa aliyekodisha. Ramani ikichorwa bila wao, kwenye karatasi eneo linaonekana tupu. Na eneo likionekana tupu, kulibomoa kunaonekana rahisi.

23/ Sasa, vya kufanya. Ukisikia mradi wa kufufua sehemu yoyote ya jiji lako, iwe Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru, uliza haya. Moja, rasimu iko wapi, na iko kwa Kiswahili? Mbili, mkutano ni saa ngapi? Mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi ni wa wasio na kazi na waliolipwa kuja. Tatu, kuna orodha ya wapangaji na wachuuzi walioko sasa? Nne, wakihamishwa, wanaenda wapi, na mteja atafikaje huko?

24/ Tano, na hili ndilo kubwa: ripoti ya maoni iko wapi? Inafaa ionyeshe maoni gani yalitolewa, yapi yalikubaliwa, yapi yalikataliwa na kwa nini. Ukinyimwa, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika barua ya ombi, ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, peleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na kama kuna tishio la kufurushwa, jua kwamba sheria ya ardhi tangu 2016 inataka ilani ya angalau miezi 3.

25/ Halafu kwa mgombea, swali ni moja tu. Akisema "wananchi walishirikishwa", mwambie: nitajie kitu kimoja kwenye ramani kilichosogezwa kwa sababu mwananchi alisema. Steji moja, njia moja ya miguu, choo kimoja. Akitaja, mpe heko, maana huyo alisikiliza. Akianza kukuambia idadi ya mikutano na picha za watu wakiwa wamekaa chini ya hema, umeshapata jibu lako.

26/ Soko la 1902 halikuulizwa. Kibarua wa kipande hakuulizwa. Yule mama wa 1989 aliuliza akaambiwa si shauri lake. Sisi ndio wa kwanza katika mji huu ambao sheria inasema lazima tuulizwe. Kwa hivyo mkutano wa wadi ukiitishwa, nenda, hata kama utasimama nyuma. Na ukirudi, andika hapa chini ulisema nini na walikujibu nini, ili mwenye mtaa mwingine naye ajifunze. Mwisho wa uzi.